Mkono wa Mita Hamsini

Binti yangu alikuwa na mkono wa mita hamsini. Akilala chali majini, kiwiko hakikunjiki sana, mkono unaingia, unavuta, unatoka, kama anagombana na mtu. Mapigo ishirini na mawili kwa urefu wa bwawa, mita ishirini na tano. Nilihesabu, nikarudia: ishirini na mawili.

Ila nafasi za mbio za mita hamsini kwenye timu ya shule zilikuwa zimejaa. Ilibaki moja, ya mita mia mbili. Shule ilimpokea kwa ajili ya kuogelea tu. Bila timu, hana dawati.

Kocha, Mkongo wa Bukavu, alinieleza ukingoni. Wa mbio fupi anapiga harakaharaka, mwili haugeuki sana. Wa mia mbili anazamisha bega kwanza, anakunja kiwiko chini ya maji, anayasukuma mpaka kwenye paja. Mapigo machache, marefu.

"Kubadilisha mkono ule, papa, ni miezi sita."

"Mmoja."

"Papa, bega haiko tairi ya Kisenyi."

Nauza matairi Kisenyi, alinijua vizuri.

"Basi mmoja na nusu."

"Mitatu. Nimeshuka nusu nzima!"

"Miwili, na mapigo nitamhesabia mwenyewe."

Akacheka. "Wewe hata kaburini utaomba upunguziwe." Tukapeana mikono. Niliondoka nikijiona nimepata.

Miezi miwili nilikaa ukingoni kila asubuhi. Kumi na nane. Kumi na nane. Halafu ishirini na moja: akichoka, ule mkono wa haraka unarudi, na bega nalo limeshazama. Bega moja linafanya kazi mbili.

"Punguza!" nilimpigia kelele.

"Baba, linauma."

"Linazoea."

Siku ya mchujo alienda vizuri kwa urefu sita. Wa saba, mkono wa kulia haukutoka majini. Akaendelea na wa kushoto, akipinda, akigonga kamba ya pembeni, uso umeangalia juu na mdomo umefumbwa. Nilihesabu mapigo tisa kabla kocha hajaruka na viatu vyake. Nikayahesabu tena kichwani, tisa, badala ya kuruka mimi.

Daktari alisema kano imechanika. Nafasi alipewa mwingine, na muhula ulipoisha shule ikatuandikia barua yenye adabu sana.

Sasa anasoma karibu na kwetu. Asubuhi mama yake humvalisha sweta, mkono wa kulia kwanza. Nikiingia, wote wawili hunipa mgongo.