Shikamoo za Mteremkoni

Kipupwe cha kwetu Karatu kina ujanja wake. Asubuhi ukungu hushuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kulala juu ya mashamba kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa. Ikikaribia saa nne huinuka wenyewe, anga huwa buluu tupu, jua huwaka, na mtu huvua sweta. Hapo ndipo upepo humkamata. Jua la Julai kwetu ni la kutazama. Ukitaka likupe joto, tafuta mahali pasipo upepo, jifunike blanketi, kaa, usisogee.

Mimi sikutaka kukaa. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na sikuchaguliwa kuendelea, basi wiki nzima nililima na mama. Baba mdogo alifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani. Jumamosi jioni alirudi nyumbani kwa baiskeli yake ya Kichina, na Jumapili baada ya ibada alilala hadi jioni kwa uchovu, ambao sehemu yake ilitokana na kazi. Saa zile za usingizi wake ndizo alizoniruhusu kuitumia baiskeli.

Nilikuwa na haya sana. Hata kengele niliona aibu kuigonga, kwa sababu mtu akisikia kengele hugeuka kukutazama. Nilipenda baiskeli kwa kuwa ukiwa juu yake huulizwi maswali marefu. Nje ya mji kulikuwa na kilima, kwenye barabara ya kwenda lango la hifadhi. Nilisukuma baiskeli hadi kileleni, nikaigeuza, nikapanda, nikaiachia. Sikuwa na jambo jingine kule juu. Upepo uliingia puani ukatokea machoni kama machozi, meno yaliniuma kwa baridi, mgongo ulipata jua, na kivuli changu kilikimbia pembeni juu ya ngano kana kwamba nacho kimepewa ruhusa. Nilikuwa natabasamu peke yangu, jambo ambalo mbele za watu sikuliweza.

Watu hawakuelewa. Baiskeli kwetu ilikuwa punda asiyekula. Ilibeba mahindi, maziwa, mgonjwa, bati, na mara moja ilibeba kabati. Sasa hii ilipanda kilima keria ikiwa tupu na kushuka keria ikiwa tupu. Nikiulizwa nimetumwa wapi, nilijibu sijatumwa, na jibu hilo lilizidisha mashaka. Sukari ilikuwa haipatikani miaka ile, kwa hiyo wengine walisema natumwa na walanguzi kuchungulia kama barabarani kuna askari. Wengine wakasema nina msichana huko juu. Mama alisikitika kwamba si kweli. Msichana, alisema, angalau ni sababu. Lakini kuchosha matairi bure, wakati madukani hayapo, ni kumkosea aliyeyatengeneza.

Yote hayo ningeyavumilia. Tatizo lilikuwa wazee.

Jua lile lile lililonitoa mimi nyumbani liliwatoa na wao. Ukungu ukishainuka, wazee wa pande zile walitoka na mablanketi yao wakaja kuota jua kwenye ukingo wa barabara, kwa sababu ukingo ule ulikingwa upepo. Walikaa makundi makundi, kuanzia kileleni hadi chini, kila kundi kwenye shimo lake la joto. Na desturi yetu ni kwamba kijana akiwa juu ya baiskeli akamkuta mzee, hushuka. Hamsalimii akiwa amekaa juu kuliko yeye. Hushuka, huiegemeza baiskeli kiunoni, hutoa shikamoo, kisha huulizwa nyumbani wameamkaje, ng'ombe wameamkaje, mama mguu umepona. Mzee wa Kimaasai aliyekuja kwa ajili ya mnada hakuuliza mengi, ila kwake ilibidi nivue kofia ya sufu na kuinamisha kichwa akiguse, na mkono wake ulikuwa baridi kuliko upepo.

Kwa hiyo mteremko wangu ulikuwa hivi: panda, nenda kidogo, shuka. Panda, nenda kidogo, shuka. Kwa mwendo ule mbuzi angefika mjini kabla yangu, tena bila kuulizwa habari za mama.

Katikati ya salamu hizo zilipita Landrova za watalii zikitoka lango la hifadhi. Zilipita kwa kasi, zikawamwagia wazee vumbi jekundu kuanzia nywele hadi kikombe cha chai. Wazee waliinuka wakapunga mikono, wakabaki wanatabasamu ndani ya vumbi. Sikuwahi kusikia mtu akiuliza dereva yule ni mtoto wa nani na kwa nini hakushuka.

Jumapili moja baridi ilizidi. Nilipofika kileleni vidole vilikuwa vimekufa ganzi, havijui kama vimeshika usukani au vimeshika fito. Nilianza kushuka, nikaliona kundi la kwanza, nikaviambia vidole vikamate breki. Havikusikia. Nililipita kundi la kwanza, la pili, na yaliyofuata, mdomo wazi, shikamoo ikiwa imeganda kooni, hadi chini ambako barabara inapanda na baiskeli ikasimama yenyewe. Nitasema ukweli: ulikuwa mteremko mtamu kuliko yote niliyowahi kushuka.

Kabla jua halijazama shauri lilikuwa limefika kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Aliyelipeleka alikuwa mzee aliyewahi kuwa nyapara kwenye mashamba ya kahawa tangu enzi za walowezi. Alistaafu kazi, unyapara haukustaafu. Alikagua palizi za watu wasiomwomba, na alikuwa na namna ya kukohoa iliyofanya hata kuku watawanyike. Baba mdogo aliitwa akiwa bado na usingizi machoni. Alisikiliza, akaona haya mbele ya watu, akatamka kwamba ikithibitika nimewadharau wazee, baiskeli Jumapili itafungiwa stoo na ufunguo atakaa nao balozi. Wiki ya jembe bila Jumapili ile sikuweza kuifikiria.

Tulikaa uani kwa balozi, wazee kwenye benchi, mimi kwenye kinu kilichopinduliwa. Mama yake balozi, bibi mmoja mkongwe, alikuwa pembeni anapepeta maharage. Nyapara alisimama.

"Nimekaa barabara ile tangu huyu hajazaliwa," alisema. "Amenipita kama nguzo ya simu."

Balozi aliniuliza nina la kusema. Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nikasema, kwa sauti ndogo hata aliyekaa karibu akalazimika kuwarudia wengine, kwamba vidole vya mikono vilikuwa na ganzi, havikukamata breki.

"Breki haiko vidoleni," nyapara akasema. "Breki iko moyoni. Mwenye adabu husimama."

Wazee wakakubali kwa vichwa. Lilikuwa neno zuri, hata mimi nililikubali. Balozi alikuwa ameshajikohoza atoe hukumu na kupokea ufunguo, pale bibi aliposema bila kuinua macho kwenye ungo:

"Basi mwenye moyo apande nyuma, akasimamishe."

Benchi zima lilicheka. Nyapara aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Wazee wa rika lake walikuwa wakimngoja, na sura zao zilionyesha kwamba hawakuwa na shughuli nyingine. Akasema atapanda. Shahidi haogopi, alisema.

Ikaamuliwa Jumapili itakayofuata. Nyapara akishuhudia kwamba baiskeli inasimamishika, inakwenda stoo. Akishuhudia kwamba haisimamishiki, ninaachwa. Kuhusu kumwomba shahidi asiyekuwa pia mlalamikaji hakuna aliyetaja, nami sikuwa mtu wa kutaja.

Siku hiyo jua liliwaka kama kawaida na upepo ulikata kama kawaida. Nyapara alikuja amevaa koti la kazini la zamani, juu yake blanketi, juu ya blanketi kofia pana. Nilidhani tutapanda kilima kwa miguu. Akakaa kwenye keria.

"Sukuma," alisema. "Shahidi hatakiwi afike amechoka."

Nilimsukuma. Alikuwa mzee mkavu, lakini blanketi pekee lilikuwa na uzito wa ndama. Njia nzima alinielekeza namna ya kusukuma. Kwenye kila kundi alinisimamisha, nami nilitoa shikamoo zote, nikaulizwa juu ya ng'ombe na mguu wa mama, naye akiwa juu ya keria akiwaeleza wenzake kwamba yuko katika kazi ya ushahidi. Karibu na kileleni, peke yake katika shimo la joto lililo bora kuliko yote, alikaa mkwewe, baba wa mkewe, mzee wa siku nyingi aliyefunikwa hadi kidevuni. Hapo nyapara alishuka haraka, akavua kofia, akaongea kwa sauti nyembamba ambayo sikujua anayo. Kwetu mkwe hatazamwi hovyo, wala hapitwi kwa haraka. Anasogelewa kama chungu kilichojaa.

Kileleni nilikuwa na jasho mwilini na barafu vidoleni. Nikapanda. Nyapara akanishika kiuno, akaniambia niende taratibu na nikumbuke moyo wangu. Nikaachia.

Baiskeli yenye shahidi, nilikuja kugundua, inateremka tofauti na baiskeli tupu. Kabla sijakaa vizuri tulishakuwa katika mwendo ambao peke yangu niliupata kwa kuomba. Mbele nikamwona mkwe.

"Simamisha," nyapara akasema sikioni kwangu.

Nilikamata. Nilivitazama vidole vyangu vikiwa juu ya breki kama vya mtu mwingine.

"Nimesema simamisha, yule ni baba mkwe."

Upepo ukaingia chini ya blanketi lake ukalirusha juu, likamfunika uso. Kofia ikaenda njia yake. Tulimpita mzee yule miguu ya nyapara ikiwa imetanuka huku na huku kama ya mtoto juu ya ng'ombe, kichwa ndani ya blanketi, na kutoka ndani ya blanketi ikatoka shikamoo moja iliyofika wakati aliyesalimiwa alikuwa nyuma yetu mbali. Yule mkongwe aliinua fimbo. Sikujua kama ni kupokea salamu au kulaani.

Tukapita kundi jingine, na jingine. Nyapara alinyamaza. Niliogopa amezimia. Kisha nikasikia mgongoni mwangu kitu kinatetemeka, nikadhani ni baridi, kumbe alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti kwanza, halafu kwa sauti, sauti mbaya iliyokaa miaka mingi bila kutumika. Kwenye kundi la mwisho, la wenzake wa rika waliokuja kuona hukumu, aliwapungia mkono kama mtalii.

Chini baiskeli ilisimama yenyewe. Alishuka, akakunja blanketi polepole, akafuta machozi ya upepo. Nilingoja. Nilikuwa nikifikiria stoo ya baba mdogo, na kufuli yake.

Alikohoa. "Ushahidi wa mara moja hautoshi," alisema. "Nisukume tena."

Nilimsukuma tena. Safari hii alinielekeza tupande kwa njia ya mashambani, kwa sababu barabarani alikuwapo mkwe.

Mkwe hakungoja. Kesho yake alibebwa na wajukuu hadi kwa balozi, akaweka shauri kwamba mkwewe amempita kama nguzo ya simu. Maneno hayo yalikuwa yameshaenea, kila mtu aliyatumia. Tukakaa tena uani, safari hii nyapara akiwa kwenye kinu na mimi nikipewa pembe ya benchi. Alisimama akaeleza kwamba baridi ikishika vidole, breki haishiki. Mtu mmoja akauliza ile breki ya moyoni iko wapi. Nyapara akajibu kwa utulivu kabisa kwamba moyo haufiki kwenye gurudumu, waya hakuna.

Balozi alihukumu. Nyapara alimpelekea mkwe mbuzi wa kuomba radhi, na walipokula walisifu nyama. Kuhusu mimi, ikatamkwa kwamba wakati wa kipupwe kijana atawasalimu wazee wote anapopanda, akiwa kwa miguu, kwa ukamilifu, na salamu hizo zitahesabika kuwa za kupanda na za kushuka pamoja. Baiskeli haikwenda stoo. Baba mdogo alifurahi, akarudi kulala.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Kilima kilikuwa changu, kwa hukumu, mbele ya mashahidi. Usiku niliota upepo.

Jumapili iliyofuata ukungu ulipoinuka nilimkuta nyapara langoni kwetu. Alikuwa ameshakunja gunia akalifunga kwenye keria kwa kamba ya katani, liwe mto. Sikuwa mtu wa kumwambia mzee kwamba nataka kwenda peke yangu, wala hilo nisingeweza hata leo. Alipanda, akajifunika, akaniambia nianze kusukuma, jua lisije likatuacha.

"Na leo," alisema, "acha kuigusagusa hiyo breki. Wiki iliyopita ulituchelewesha."