Bomba la Dada Halijafukiwa

Ukimuuliza fundi habari za mabomba ya plastiki, tafuta kwanza pa kukaa. Lile la kijivu, pana, ni la maji taka. Usije ukalipitishia maji ya kunywa ukasema hukuambiwa. La kijani huunganishwa kwa moto, nalo ndilo linalovumilia maji ya moto bafuni. Jeusi huuzwa likiwa limeviringishwa, na hupita shambani likipinda linavyotaka. Jeupe hushikwa kwa gundi, ni rahisi na safi, ila lina ugonjwa mmoja: halipatani na jua. Liache nje likauke, siku moja utalikanyaga livunjike kama ganda la yai. Hayo fundi aliyasema vizuri kuliko alivyoyatenda.

Dada yake mkubwa ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Aliishi na binti yake upande wa pili wa mji, wakichota maji kwa ndoo kwa jirani. Siku fundi alipompelekea maji, alivuta bomba jeupe kutoka barabarani, akalilaza juu ya ardhi kando ya ukuta hadi jikoni. Udongo aliuona mgumu, na simu ya mteja mwingine ilikuwa inaita.

"Mtaro nitakuja kuchimba, dada," alisema. "Kwa sasa lifunikefunike tu, jua lisilipate."

"Utakuja lini?"

"Wiki hii hii."

Wiki gani hiyo, Mungu ndiye ajuaye. Tusimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Ila ahadi kwa mteja aliitimiza kwa kuogopa maneno, na ahadi kwa ndugu aliiweka kiporo, maana ndugu hakimbii. Dada akipiga simu hakulalamika. Aliulizia watoto, akaulizia mgongo wa fundi, na mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akasema, "Na mtaro wetu je?"

"Nakuja, dada."

Jibu hilo watoto wa fundi walilishika. Mmoja akitumwa dukani naye hataki, alisema "nakuja, dada," na nyumba nzima ikacheka. Fundi naye alicheka.

Alikwenda siku alipopigiwa simu na mpwa wake. Dada alikuwa ameamka na maumivu ya kifua, wakamkimbiza hospitali, na jioni hakuwepo tena.

Baada ya mazishi, watu walipopungua, fundi alizunguka nyuma ya nyumba akitarajia kukuta vipande. Alikuta bomba limevikwa nguo mwanzo hadi mwisho: mashuka yaliyochakaa, pazia, mikono ya mashati, vyote vimefungwa kwa kamba vizuri, kama kidonda cha mtoto. Karibu na mlango wa jikoni alilitambua gauni la zambarau. Dada alilivaa siku fundi alipooa, akiwa amekaa pale ambapo mama angekaa. Alifungua fundo moja. Bomba lilikuwa jeupe vilevile lilivyotoka dukani.

Akaomba jembe. Alichimba na nguo zake za msibani, kwa hasira, na hasira hiyo ilikuwa yake mwenyewe juu yake mwenyewe. Udongo ule aliousingizia ugumu ulichimbika bila shida. Kumbe mtaro wote ungekuwa kazi ya asubuhi moja tu.

Mpwa wake alitoka na kikombe cha chai, akasimama akimtazama.

"Mjomba, jirani yetu hapa naye ni fundi. Alitaka kumchimbia mama bure. Mama akakataa."

"Kwa nini?"

"Alisema bomba likishafukiwa, mdogo wake hatakuwa na sababu ya kuja."

Fundi aliliegemeza jembe ukutani.

"Chai inapoa, mjomba."

Akaketi kizingitini, akanywa. Kisha akalirudishia bomba lile gauni, akafunga fundo alilolifungua, na kumwambia mpwa wake kwamba mtaro atakuja kuumalizia wiki ijayo. Na kweli alikuja. Tangu hapo huja kila wiki, akachimba kipande kidogo, akanywa chai na binti wa dada yake, akaondoka. Mpwa hana haraka naye. Aliyekuwa akiuliza, "Na mtaro wetu je?" hayupo tena.