Ile I ya Nawaachia

Nimechoka kuulizwa kama nilimpenda yule mzee. Wanaoniuliza ni madereva wa utalii wanaopita hapa wakienda lango la Ngorongoro. Wamesikia habari nusu nusu kwenye vibanda vya chipsi mjini Karatu, na wanataka niwamalizie. Huwa nawajibu kwamba nilimpikia. Nilimpikia, nikamfulia, nikamtafsiria kwa miaka mingi, na mtu ukimfanyia yote hayo hupati nafasi ya kukaa ukajiuliza kama unampenda.

Alikuwa mzungu wa ukoo mkubwa. Kwao mtu huzaliwa na cheo kama wengine wanavyozaliwa na kigimbi, na zaidi ya cheo walikuwa na benki yenye jina la ukoo wao. Aliwahi kuniambia kwamba babu wa babu zake waliwakopesha wafalme fedha za kwenda vitani. Madereva walimwita baroni. Sisi wa shambani tulimwita mzee wa benki, na jina hilo lilileta balaa siku ya kwanza kabisa, maana nyapara wetu alikuwa na mkopo wa pikipiki. Aliposikia mzee wa benki amefika, alijichimbia kwenye ghala la mbolea mpaka jioni.

Shamba ni la kahawa, liko juu ya mji, pale msitu wa Ngorongoro unapoishia na ukungu unaposhuka asubuhi kama mtu aliyesahau kitu. Chini ya shamba kuna kambi ya wafanyakazi, nyumba za matofali zilizogusana migongo. Baba yangu alitoka Singida kuja kuchuma kahawa msimu mmoja tu. Akakaa mpaka akafa, na kaburi lake liko nyuma ya choo cha zamani, chini ya miti ya kivuli. Mimi nilizaliwa hapo kambini. Majirani zetu upande huu walitoka Dodoma, upande ule Mbulu, na kila nyumba ina lugha yake ya kugombania. Kiswahili ni cha mlangoni. Tulikisoma shuleni, tukakishika kwa adabu, na mtu akitamka neno kwa Kiswahili mbele yetu huwa tunalichukua jinsi lilivyo.

Mzee naye alikisoma, kwenye kitabu, kabla hajafika. Asubuhi ya kwanza alikuja jikoni amevaa koti, akasimama wima, akaniambia, "Mama, naomba unipike."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Alipouliza nacheka nini, nikamwambia, "Mzee, ukisema nipike, wewe ndiye unaingia kwenye sufuria. Sema nipikie."

"Hiyo i inafanya nini?"

Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikafikiri kidogo. "Inaipa kazi mwenyewe," nikasema. "Ukipika, umepika tu. Ukimpikia mtu, chakula kina mwenyewe."

Alifurahi sana. Nadhani watu wa benki wanapenda kila kitu kiwe na mwenyewe. Tangu siku hiyo akawa anaipachika ile i kila mahali, kwa woga wa kuingia tena kwenye sufuria. Asubuhi alisema amelalia vizuri. Mawingu yakikusanyika alisema mvua itanyeshea. Akitaka gari alisema anakwendea Karatu. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, baadaye nikachoka. Nilikuwa na nyumba ya kufagia.

Habari za maisha yake nilizipata vipande vipande, jioni, nikimwekea kuni kwenye moto wa sebuleni. Juu kwetu kuna baridi. Alizaliwa kwenye nyumba yenye vyumba ambavyo mama yake mwenyewe hakuwahi kuingia. Alitaka awe daktari wa mifugo. Alilisema hilo mezani siku moja, na wote wakacheka kwa heshima, halafu mtu akaomba apitishiwe chumvi. Alipokua akapelekwa benki kama ndama anavyopelekwa kwenye nira. Akakalishwa kwenye kiti ambacho babu yake alifia akiwa amekikalia, na hakuna aliyefikiria kukibadilisha.

"Na kazi yenyewe ilikuwa nini, mzee?" nilimuuliza.

"Kula chakula cha mchana," akajibu.

Hakuwa anatania. Maisha yake yote watu walimlisha mchana, wakimwomba fedha za reli, za migodi, za bandari, na yeye alikula taratibu, akasema ndiyo au hapana wakati wa kahawa. Ndiyo maana hapa shambani alikataa kabisa chakula cha mchana. Saa nne alikunywa uji, kisha akashuka kwenye zizi kuwasafisha ng'ombe kwato, mikono ya shati ameikunja, akinuka mavi, akipiga mluzi. Sijamwona mtu mwenye cheo aliyeridhika hivyo.

Benki ilimfia mikononi. Benki kubwa zaidi iliimeza, na binamu zake ndio waliofungua mlango, kwenye chakula cha mchana, bila shaka. Kibao cha shaba chenye jina la ukoo kiling'olewa ukutani, naye akaja nacho Karatu ndani ya sanduku la nguo. Akanipa nifunikie chungu cha maziwa, maana paka walikuwa wanatusumbua. Ni kizito, kinafaa.

Kitu kimoja tu cha kwao alikuwa bado anakitukuza. Kwao, neno likishatamkwa mbele ya watu halirudi. Alipokuwa mtoto mdogo alipewa farasi, na siku moja kwa hasira, mbele ya wageni, akasema farasi mwenyewe mbaya, apewe mtoto wa mchunga farasi. Jioni akalia akitaka kukanusha. Babu yake akamshika mkono, wote wawili wakampeleka farasi kwa miguu. "Benki yetu ilianza kabla ya karatasi," babu akamwambia njiani. "Ilianza kwa mdomo." Habari hiyo alinisimulia mara nyingi mno. Wakati mwingine nilikuwa namalizia mimi.

Kisha akaugua. Daktari wa Arusha akamwambia arudi kwao, na mtoto wa kaka yake akaja kumchukua. Huyo alikuwa mtu mzima mwenye viatu visafi, mpole, asiyejua hata neno moja la Kiswahili. Alitembea shambani akipiga picha kwa simu. Wakati nawamiminia chai nilimsikia akimweleza baba yake mdogo kwamba shamba litauzwa kwa watu wa hoteli za kitalii, na kwamba kambi itabidi iondoke kwa sababu itaonekana kutoka vyumba vya wageni. Kiingereza changu si kizuri, lakini hilo lilikuwa rahisi kulielewa. Mzee aliangalia kikombe chake. Alikuwa amechoka. Akasema, "Fanyeni."

Niliwachukia wote wawili siku hiyo, nasema wazi. Nilishuka kambini nikamwambia mama yangu. Alikuwa anapeta maharage. Hakuinua kichwa.

"Mimi siendi," akasema. "Singida nimfuate nani? Walionijua wamekwisha. Na baba yako hapo nyuma nimwache na nani?"

"Mama, hawatakuuliza."

"Basi wasiniulize. Siendi."

Kufika jioni habari ilikuwa imeenea kambi nzima, na waliokuwa na ndugu vijiji vya Qurus au Daa wakaanza kuwapigia simu kuuliza kama kuna banda la kupanga. Wengine, kama mama, hawakuwa na wa kumpigia.

Siku ya kuaga tulikusanyika kwenye meza za kuanikia kahawa. Nilitaka kumtafsiria mzee kama kawaida, akakataa. Leo angesema mwenyewe. Alisimama ameshika fimbo, mtoto wa kaka yake pembeni, akasema kwa sauti iliyotetemeka kidogo:

"Nimewapendea. Sasa naondokea. Nawaachia shamba."

Nikaona watu wanatazamana. Halafu mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wengine wakamfuata, na nyapara, yule yule wa ghala la mbolea, akakaa chini akalia. Mama yangu alimpigia mzee magoti. Mzee alifurahi sana, akidhani wanamuaga kwa upendo. Mtoto wa kaka yake alipiga makofi kuliko sisi wote.

Mimi nilijua alichotaka kusema. Alitaka kusema anatuacha, analiacha shamba, basi. Ni ile i.

Nilimwambia jioni, kwenye chai. Nani mwingine angemwambia?

"Mzee, leo umetupa shamba."

"Sikusema hivyo."

"Umesema nawaachia."

Midomo yake ikalirudia neno polepole. "Ile i," akasema.

"Ndiyo, mzee. Ile i."

"Walielewa hivyo wote?"

"Hata wasiosikia wameelezwa."

Alitazama moto kwa muda. Akasema shamba si lake peke yake, ni la kampuni ya ukoo, yeye amebaki tu kuwa mkubwa wake. Akasema maisha yake yote ameweka sahihi kwenye mali za watu wengine. Nilidhani atanisimulia habari ya farasi, lakini hakunisimulia. Akasema, "Nifundishe kusema sawasawa. Kesho nitashuka kambini."

Nikamfundisha. Naacha. Naondoka. Tulirudia kama watoto wa darasa la kwanza, mpaka akatamka safi kuliko mimi. Nilikuwa namfundisha mtu jinsi ya kuichukua nyumba ya mama yangu, na nilikuwa nafanya hivyo kwa uangalifu, kwa sababu sijui kufanya kazi vibaya.

Asubuhi tukashuka, yeye, mtoto wa kaka yake na mimi. Watu walimkusanyikia mbele ya nyumba ya mama. Mama akamtolea kigoda, akampa uji kwenye kikombe chetu kizuri, akamwamkia kwa jina la baba ingawa walilingana umri. Mzee alikunywa uji wote. Akatazama milango, kuku, nguo zilizoanikwa, moshi unaotoka kwenye mabati. Kisha akainuka.

"Jana nilisema," akaanza, akasita. Akanitazama. "Jana nilisema vibaya. Kahawa ni ya ukoo wangu. Siwezi kuigawa. Lakini kambi hii, nyumba na ardhi yake, nawaachia. Sasa naondoka."

Naondoka. Si naondokea. Mimi nilisikia. Ile i aliitoa mahali isipotakiwa, akaiacha mahali inapotakiwa.

Akaondoka siku ile ile. Alifia kwao, wakati sisi tunaanza kuchuma. Nilipigiwa simu nikiwa kwenye foleni ya kununua vitunguu, lori la Mang'ola likishusha magunia, na sikulia mpaka nilipofika jikoni nikakiona kile kibao juu ya chungu cha maziwa.

Mtoto wa kaka yake akarudi, safari hii na wakili kutoka Arusha. Wakanikalisha barazani, baraza nililolipiga deki miaka yote bila kulikalia. Wakili alikuwa na haraka.

"Mama, wafanyakazi wanadai marehemu aliwapa kambi. Lakini Kiswahili chake kilikuwa kibovu, sivyo? Alikuwa anakosea."

"Alikuwa anakosea," nikasema.

Wakili akaandika.

"Siku ya kuaga alikosea," nikaendelea. "Siku ya pili nilikuwa nimemfundisha mimi. Siku ya pili hakukosea."

Wakili akamtafsiria mwenzake. Mtoto wa kaka yake akainama mbele, akauliza kitu.

"Anauliza, mzee alitamkaje hasa?"

"Alisema, kambi hii nawaachia."

Yule bwana alitaka kulionja neno mdomoni mwake. Nafikiri alikuwa anamkumbuka baba yake mdogo, sidhani kama alikuwa na nia nyingine. Akasema, "Kambi hii nawaacha."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimechoka, mgongo uliniuma, na nimewasahihisha watu wa ukoo ule vya kutosha. Lakini chini ya baraza wanawake walikuwa wanachambua kahawa mezani, mama yangu akiwa kati yao ingawa alishastaafu, na walikuwa wameacha kuzungumza.

"Nawaachia," nikamwambia. "Weka i."

"Kambi hii nawaachia," akasema, kwa sauti, vizuri kabisa.

Wanawake wakainua vichwa. Wakili akaweka kalamu chini, akamnong'oneza kwa Kiingereza kile alichokitamka sasa hivi, na mbele ya nani. Uso wa yule bwana ukawa mwekundu mpaka masikioni. Nikangoja akanushe. Aliwatazama wale wanawake, akamtazama mama yangu, kisha akasema na wakili maneno machache.

"Anauliza," wakili akasema, na sasa hakuwa na haraka, "kama uliwahi kusimuliwa habari ya farasi."

"Mara nyingi," nikajibu. "Walimpeleka kwa miguu."

Yule bwana akaitikia kwa kichwa. Akamwambia wakili aikate kambi kwenye ramani ya mauzo, ibaki yetu, na hilo nililielewa mwenyewe bila kutafsiriwa. Halafu akanigeukia, akainua kidole kuonyesha anatafuta neno, akaomba chai.

"Mama," akasema, "nichemshe."

Nikainuka, magoti yakilalamika, nikaenda kumchemshia.