Kishale cha Juu

Wenzake humwita Kobe, maana kila amri anayoipa kompyuta huiandika upya herufi kwa herufi, na kishale cha juu kipo kwenye kibodi: ukikibonyeza, amri ya mwisho inarudi yenyewe. Zamani alikibonyeza bila hata kutazama. Siku mjane wa kaka yake alipomletea picha za marehemu azinakili, alikuwa ametoka kusafisha folda ya takataka. Akafungua folda ya picha, akabonyeza kishale, akaipitisha amri iliyorudi bila kuisoma. Kumbe amri ya mwisho ilikuwa ya kufuta vyote, si ya kunakili.

"Usijilaumu, shemeji," mjane alimwambia, machozi yakimlengalenga. "Mashine zenyewe hizi mbovu."

"Mbovu kweli, shemeji," Kobe akajibu.