Maji Meupe ya Kisima Changu

Jina langu ni Laurenti. Ni fundi mwashi, nyumbani Keza, wilaya ya Ngara. Nawasimulia haya ninyi mnaougua, na ninyi wazima mnaochota maji visimani.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa nguvu. Kisima cha nyumbani nilikichimba mwenyewe, nyuma ya migomba, ili mke wangu aache kupanda mlima na ndoo kichwani. Maji yalikuwa meupe, ya baridi. Majirani walichota bila kuniomba, nami nikajiona mtu wa maana.

Homa ilianza kidogo kidogo. Nikanunua dawa ya malaria dukani, nikameza, nikaendelea kujenga. Wiki ya pili kichwa kiligonga, nikakinai chakula, kisha nikaanza kuharisha damu. Asubuhi moja tumbo lilichoma ghafla, kama limechanwa kwa ndani, likakaza kama ubao. Mke wangu alipoligusa nilipiga kelele. Wakanipakia kwenye bodaboda, katikati ya dereva na shemeji yangu, mpaka hospitali.

"Ni homa ya matumbo," daktari alisema. "Utumbo umetoboka. Tunakupasua sasa hivi."

"Nitapona?"

"Umechelewa, baba. Lakini tutapambana."

Nilizinduka nina mpira puani na mwingine ubavuni, unatoa usaha. Kila asubuhi nesi aliniuliza, "Baba, umejamba?" Niliona aibu. Siku ya nne nilipojamba, mke wangu alipiga vigelegele wodini. Nikacheka huku nimeshika mshono. Utumbo ulikuwa umeanza kufanya kazi.

Siku ya kuruhusiwa, daktari aliuliza tunakunywa maji gani. Nikamwambia kisima changu ni safi kabisa.

"Kimepimwa?"

"Hapana." Akaagiza bwana afya aje nyumbani kukipima.

Bwana afya alikuja na chupa maalumu. Alichota bila kugusa mdomo wa chupa, akaiweka kwenye kiboksi chenye barafu. Majibu yalipotoka alikaa karibu nami. "Maji yana vimelea vya kinyesi. Tazama choo chako kilipo." Choo kilikuwa upande wa juu wa kisima, hatua chache tu. Nacho nilikichimba mwenyewe.

Hapo niliumia kuliko kwenye kisu. Mjukuu wa jirani yetu, bibi Koleta, alikuwa amelazwa kwa homa hiyohiyo kabla yangu, akapona kwa shida. Nilijikokota na mkongojo hadi kwa bibi.

"Shikamoo, bibi. Huenda maji yangu ndiyo yaliyomuumiza mtoto. Nisamehe."

"Marahaba." Akanisogezea kigoda. "Ulitupatia ulichokunywa wewe mwenyewe. Kaa, usije ukaanguka." Akanipa uji. Kisha akauliza, "Wengine umeshawaambia?"

"Bado."

"Maliza uji, twende wote."

Tulipita nyumba kwa nyumba. Baadaye majirani walinisaidia kufukia kile choo na kuchimba kingine mbali. Kisima tukakijengea, tukakifunika, kikatiwa dawa, kikapimwa tena. Safari hii vimelea havikuonekana. Hata hivyo bado tunachemsha.

Namshukuru Mungu, madaktari, mke wangu na bibi Koleta. Homa isipokwisha, usijitibu dukani, wahi kupimwa. Maji nayo yapimwe, hata yawe meupe namna gani. Na majibu yakija mabaya, waambie majirani siku hiyohiyo. Ni vigumu. Kwangu pia ilikuwa vigumu, lakini sijutii mlango hata mmoja niliobisha hodi.