Mawe kumi na mawili juu ya runway: siku niliyomwelewa mwongoza ndege

Wakuu, nawasalimu wote.

Haya yalinitokea mimi mwenyewe na sijaongeza kitu. Nikiongeza, kaka yangu Damiani anasoma jukwaa hili na hana huruma.

Juzi humu mtu kaandika kwamba waongoza ndege wanalipwa kukaa ghorofani kutazama mawingu. Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.

Turudi Ngara, miaka ya wakimbizi wa Rwanda. Kila siku malori, Land Cruiser nyeupe, wageni, na ndege. Ndege zilitua kwenye uwanja wa changarawe juu ya kilima. Mnara haukuwepo. Kulikuwa na meza, kivuli cha turubai, redio iliyofungwa kwenye betri ya gari, na Mzee Msuya.

Mzee alikuwa mwongoza ndege mstaafu aliyeletwa kutoka mjini. Shati lake lilikuwa limenyooka muda wote, katika vumbi lile. Sijui alilipiga pasi wapi.

Mimi nilikuwa mtu wa maharage. Nayatoa Murusagamba yakiwa mabichi mabichi, nayakausha, nayapeleka kambini. Sasa mnaoijua Ngara mniambie, sehemu tambarare ya kuanikia utaipata wapi? Ni vilima kwa vilima. Uwanja ulikuwa mgumu, umenyooka, unapigwa jua toka asubuhi. Karibu nusu ya kijiji tulianika pale.

Sheria ya Mzee ilikuwa moja. Filimbi ikilia, kila mtu aondoe kilicho chake. Kisha Bosko, mlinzi wa uwanja, anapita na baiskeli hadi mwisho, anarudi kusema kama pako safi. Hapo ndipo rubani anaruhusiwa kutua.

Nilijaribu kupatana.

"Shikamoo mzee. Ndege haifiki kule mwisho. Niachie hatua themanini tu."

"Marahaba. Hapana."

"Hamsini?"

"Bwana, hapa siyo Kabanga sokoni."

Basi nikaenda kwa Bosko. Nikamwonyesha kwamba magurudumu ya ndege yanagusa upande wa barabara, kwenye meza ya Mzee, na ndege inasimama mapema. Zile hatua themanini za mwisho hakuna tairi limewahi kuzikanyaga. Nilizipima mara mbili mbele yake. Na kwa kuwa uwanja una mgongo katikati, ukiwa pale mezani mwisho wake huuoni. Bosko akakubali turubai langu la maharage libaki kule, yeye aripoti "safi". Wala sikumhonga. Nilimshinda kwa hesabu tu, na nilijiona mjanja sana.

Siku yenyewe, Damiani alibanwa mguu na lori lililokuwa linarudi nyuma. Daktari wa kambini akasema mfupa umepondeka, damu haikamatiki, inatakiwa apasuliwe Mwanza leo hii.

"Na kesho?" nikamuuliza.

"Kesho siiahidi."

Ikaombwa ndege ndogo. Saa tisa alasiri tupo kando ya uwanja, Damiani kalazwa nyuma ya gari, mimi nimeshika chupa ya dripu. Filimbi ikalia. Bosko akaenda, akarudi.

"Safi, mzee."

Nilisikia na wala sikushtuka. Turubai langu lilikuwa kule kule, kama siku zote.

Halafu ukaja upepo. Mbingu upande wa Burundi ilikuwa nyeusi, na lile soksi la upepo, mfuko wa kitambaa mlingotini unaoonyesha upepo unakovuma, likageuka kuelekea upande mwingine. Mzee akalitazama, akaongea kizungu cha redio, taratibu kama anayesoma misa. Akamgeukia daktari.

"Upepo umegeuka. Anatua kutokea kule mwisho. Na mafuta yake ya kusubiri ni machache. Mvua ikimkuta hewani anarudi Mwanza."

Kule mwisho. Kwangu.

Wakuu, akili yangu ikaanza kupatana yenyewe. Nikisema, rubani anazuiwa, mvua inafika, Damiani anabaki. Nikinyamaza, pengine atapita juu. Turubai ni jepesi, maharage ni maharage.

Lakini turubai lilikuwa limeshikiliwa na mawe. Makubwa kama vichwa vya watoto.

"We," Damiani akasema, sauti imekauka, "mbona unatazama kule mwisho?"

Nikampa nesi chupa. Nikamwendea Mzee, nikasema yote.

Hakunitukana. Alishika redio kwanza, akamwambia rubani apande na azunguke. Kulikuwa na ndege nyingine ya mizigo nyuma, nayo akaiambia ibaki juu zaidi, mbali na mwenzake. Sauti ile ile, kana kwamba hakuna jambo. Kisha akanitazama.

"Mawe mangapi?"

"Kumi na mawili."

"Una uhakika?"

"Nimeyahesabu mara mbili."

"Nenda na Bosko. Usinipungie kitambaa mpaka umeyatoa kumi na mawili."

Bosko alinyonga baiskeli mpaka mgongoni mwa uwanja, akabaki pale na kitambaa cheupe ili Mzee amwone. Mimi nikakimbia. Nikavuta turubai, maharage yakamwagika, nikatupa mawe nje ya uwanja huku nahesabu kwa sauti.

Kumi na moja.

Juu nasikia injini inazunguka. Matone ya kwanza yakanigonga mgongoni.

"Pungia bwana!" Bosko akapiga kelele. "Mvua hiyo! Kakako anakufa!"

Maisha yangu yote, kumi na moja kwa kumi na mbili ni biashara nzuri. Nikapiga magoti, nikayapapasa maharage kwa mikono miwili. Jiwe la mwisho lilikuwa limebingirika kwenye mkunjo wa turubai. Nikalikumbatia pamoja na turubai lenyewe nikakimbia navyo nje, nikapunga mkono kama kichaa. Bosko akapunga kitambaa.

Ndege ikapita juu yangu, ikagusa changarawe pale pale nilipopiga magoti.

Damiani alipakiwa mvua ikiwa imeanza. Wakaruka kabla haijashuka yote. Miezi mitatu baadaye alirudi, anachechemea, anasema sana.

Nilirudi mezani nimelowa. Nilitegemea kofi. Mzee alikuwa anaishusha ile ya mizigo, akaninyooshea kidole ningoje. Ilipotua ndipo akageuka.

"Bosko akisema 'safi', mimi namwambia rubani 'safi'. Yeye haoni. Mimi sioni. Wote tumelibeba neno la mtu."

Bosko alikuwa amesimama pale pale. Hakuinua macho, na mimi sikuinua.

Nilichojifunza: yule mtu wa redio hasukumi ndege wala haigusi. Anatoa neno, na watu wanashuka nalo kutoka mawinguni. Ukilitia dosari neno hilo kwa ujanja wako mdogo, hatajua mpaka aone moshi.

Mzee Msuya sasa ni marehemu. Sikuwahi kumuuliza jambo moja, hivyo nawauliza mlio kwenye kazi hiyo, kama mmo humu: zamu ikiisha, neno hilo mnaliweka wapi?

Karibuni.