Sabuni Kwenye Foko

Foko, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, ilikatika katikati ya mteremko, nikatua kwa mdomo kwenye changarawe. Nyuma yangu nilimsikia baba mdogo Eliya akipiga kelele, "Baiskeli yangu!" Jina langu hakuliita.

Juzi hapa Tunduma nimemwona fundi akisugua sabuni kwenye tangi la pikipiki linalovuja. Harufu ya sabuni ile ikanirudisha utotoni.

Ilikuwa baiskeli ya mashindano, imevushwa kutoka Zambia, haina breki hata moja. Eliya alitaka kuifunga breki ya mbele, ila foko haikuwa na tundu la bolti. Akaichoma kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, akaitoboa kwa nyundo na chuma chenye ncha. Foko ikalia, ikapata ufa. Akausindilia ule ufa sabuni ya kipande, akapaka rangi nyeusi juu.

"Ba'mdogo, hiyo ni nini?"

"Dawa ya chuma, mama. Haya, panda wewe kwanza, rubani wangu."

Nilipanda nikicheka, nikajua ananipenda kuliko binamu zangu wote. Kumbe alitaka kuona kama itahimili kabla hajapanda yeye. Nyumbani akasema nimeiiba, na mama akanichapa huku damu bado ikinitoka mdomoni.

Eliya, upo hapo Vwawa, unaimba kwaya kila Jumapili. Mama yangu yu hai, na mpaka leo anaamini niliiba. Njoo umwambie mbele yangu: ule ufa uliuona, hukuuona?